Divai ya Mwaka wa Maylis

Shemeji yangu Firmin Dabadie alikuwa mtu wa kuudhi, na nasema hivyo mimi niliyempikia supu miaka mingi. Alimwoa dada yangu Paulette, akaishi naye, akamzika, kisha akabaki peke yake katika nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na yangu. Sikuwa na moyo wa kumwacha ale mkate na jibini kila siku ya Mungu. Basi saa sita mchana nilikuwa navuka na sufuria. Yeye alifungua mlango, akatazama sufuria kwanza, mimi baadaye, akasema, "Leo umechelewa, shemeji." Asante sikuisikia hata mara moja. Sasa sina tena sababu ya kuvuka barabara mchana, na mguu bado unataka kwenda.

Kwetu ni upande wa Madiran, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na Firmin alikuwa na shamba la mizabibu alilorithi kwa baba yake. Zabibu nyingi alizipeleka chama cha ushirika kama sisi wote, lakini kila mwaka alijiwekea mapipa manne ya kwake, na hayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Zabibu za huku ni nyeusi na ngozi yake ni nene. Divai yake ikiwa changa haina adabu: inakausha ulimi, inabana fizi, meno yanageuka rangi ya wino. Miaka mitano ya kwanza unainywa ukiwa umekunja uso. Halafu inanyamaza kabisa, inajifungia, ukiionja unadhani umeibiwa. Inataka miaka kumi na tano, ishirini, wakati mwingine hata arobaini, ndipo ukali wote ule unageuka kuwa kitu kingine, kirefu na laini, kinachokaa mdomoni hata baada ya kumeza. Watu kijijini walisema Firmin na divai yake ni kitu kimoja. Mimi nilisema divai angalau inalainika.

Binti yao wa pekee, Maylis, alizaliwa Septemba ya mwaka sitini na sita. Huku kwetu mtoto akizaliwa, baba anatenga divai ya mavuno ya mwaka ule, anaziba chupa kwa nta, na hazifunguliwi mpaka siku ya harusi ya mtoto. Firmin alitenga chupa ishirini na nne, zote za kipande kimoja cha shamba, kile cha chini kando ya mtaro, ambacho divai yake huchelewa kukomaa kuliko zote. Katika mtaro ule nanaa ilikuwa ikijiotea yenyewe mpaka magotini. Ukivuna pale, suruali inanukia nanaa mpaka jioni. Maylis alikulia mle, akitafuna majani kutwa, na dada yangu alikuwa akimvuta sikio kwa sababu hakula chakula cha mchana.

Kuna desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyotuharibia. Tangu zabibu ziingie mpaka Krismasi ipite, mwanamke haingii nyumba ya mapipa. Wazee walishikilia kwamba akiingia, divai itageuka siki. Mimi ni mtu wa hapa, sikuingia hata siku moja katika majuma hayo, na nakiri kwamba nusu yangu iliamini. Maylis hakuamini hata chembe. Alikwenda Bordo kusomea utengenezaji wa divai, akarudi na cheti chake akiwa na miaka ishirini na miwili, na katika mavuno ya mwaka themanini na nane akakunja mikono ya shati akaingia. Baba yake alimkuta ameinama juu ya pipa. Akamtoa nje mbele ya wavunaji wote, akamwambia cheti chake akakitundike ukutani, divai haijui kusoma.

Wakaishi nyumba moja bila kusemezana hadi Krismasi. Siku hiyo, mezani, nami nilikuwepo, Firmin akatangaza kwamba pipa moja limegeuka siki, na akamtazama binti yake. Maylis akakunja kitambaa chake cha meza vizuri, kwa utaratibu, kona kwa kona, akaenda chumbani. Mwaka mpya ulipoingia akaondoka. Alikwenda Urugwai, ambako watu wa huku waliohama zamani walipanda zabibu hii hii yetu, na kule akapewa mapipa ayasimamie bila kuulizwa kama ni mwanamume au mwanamke. Mwezi wa pili, barafu ilipoyeyuka, Firmin akashuka mtaroni na jembe, akang'oa nanaa yote, akaichoma. Alisema inaleta konokono.

Maylis aliolewa huko huko. Picha ilikuja kwa posta, na niliyeileta ni mimi, maana miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kupeleka barua katika vijiji hivi. Firmin aliiangalia, akaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Chupa za harusi zilibaki na nta yake ghalani, chini ya nyumba.

Mwaka wa tisini, siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa kumi na moja, siku ambayo kila nyumba huonja divai, alifungua ya kwanza. Paulette alimuuliza ana nini. Akasema anaangalia tu kama bado i hai, kwa sababu Maylis akija itakuwa aibu kumpa divai iliyokufa.

"Nani amekwambia anakuja?" dada yangu akauliza.

"Nani amekwambia haji?"

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Lakini chupa si sufuria, uinue kifuniko uchungulie kisha urudishe. Ukitaka kujua hali yake lazima uifungue, na ukiifungua imekwisha. Kila Martino ilipopita ilipungua moja. Nilimwambia waziwazi kwamba anakula mbegu. Akanijibu kwamba asipoiangalia hatajua, na asipojua hatalala. Sikuwahi kumsikia kabla ya hapo akikiri kwamba kuna kitu kinamnyima usingizi.

Aliyoyaonja aliyaandika katika daftari la shule la mistari ya miraba, lililokaa kwenye rafu ya glasi. Nimesema nilikuwa mpeleka barua, na katika miaka yote hiyo sikufungua barua ya mtu hata moja, naliapia hilo. Lakini daftari lililoachwa wazi mahali ninapotaka kuweka sufuria si barua. Nililisoma. Mwaka wa kwanza aliandika: "Ngumu. Inauma fizi." Miaka miwili mfululizo: "Ngumu." Mwaka tisini na tano: "Imejifungia. Haitaki kusema na mimi." Mwaka tisini na nane alikuta plamu, na akaongeza kwamba ni plamu mbichi bado, zile za kwenye mti wa Paulette. Hivi hivi, mstari mmoja, miwili. Mtu aliyekuwa hawezi kuniambia habari za asubuhi alikuwa akiiandikia divai kama anavyoandikiwa mgonjwa anayeanza kupona.

Dada yangu alifariki mwaka elfu mbili na moja. Maylis alikuja kuzika, akalala kwangu siku tatu. Makaburini baba alisimama upande huu wa shimo, binti upande ule. Nilimsihi avuke barabara. Akaniambia, "Mama mdogo, akiniita nitakwenda. Asiponiita, kizingiti kile sikivuki." Nilipompelekea Firmin maneno hayo, akasema mlango wake haujafungwa. Kichwa kigumu kile kile, wote wawili, na mimi katikati ya barabara na sufuria yangu. Niliwakasirikia mno kiasi kwamba sikumlilia dada yangu vizuri mpaka wiki iliyofuata.

Martino ya mwaka ule, daftari lilisema: "Imeanza kusema. Paulette hayupo wa kumwambia." Tangu hapo glasi ya pili ilikuwa yangu.

Na mwaka elfu mbili na saba divai ikafika kilele chake. Nakumbuka, kwa sababu Firmin aliposhusha glasi alisahau kijiko, na supu ikapoa. Mimi nilionja plamu zilizokauka, tumbaku, na kitu kama ngozi ya mkoba wa shule wa zamani. Mwisho kabisa, nyuma ya koo, kulikuwa na ubaridi fulani ambao sikuweza kuupa jina. Ukali wote wa zamani ulikuwepo bado, lakini sasa ulikuwa umeibeba divai badala ya kukupiga. Firmin akaandika, akaenda kutazama kuku. Nikasoma: "Imefika. Yote ipo, na kile kitu mwishoni. Njoo."

Neno hilo la mwisho nililitazama mpaka macho yakaniuma. Nilitaka kuchana ukurasa ule, niutie kwenye bahasha, niupeleke posta mwenyewe kwa miguu. Sikufanya hivyo. Nilijiambia si barua yangu. Katika mambo niliyoyaacha maishani, hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote, kwa sababu kila mwaka baada ya hapo aliandika neno lile lile, na kila mwaka nililisoma, nikaosha glasi, nikarudi kwangu.

Mwishoni mwa Septemba ya mwaka elfu mbili na kumi na mbili, wiki moja kabla ya mavuno, aliteleza kwenye ngazi ya ghala akagonga kisogo. Nilimkuta amekaa kwenye kipandio na leso kichwani, akinikataza kumwita daktari. Kidonda kilipona upesi. Lakini tabia ikazidi kuwa mbaya. Kahawa ya dukani, alisema, siku hizi ni maji ya moto tu. Mwoka mikate ni mwizi, anatia unga wa nini sijui. Jibini ni kama sabuni. Siku moja akaniuliza kama nimesahau kitunguu saumu kwenye supu, nami nilikuwa nimetia kichwa kizima. Niliweka mwiko chini, nikatoka, na siku mbili hakuniona.

Alivuna, akajaza mapipa yake manne kama kawaida. Ikaja Martino. Kati ya chupa ishirini na nne, mbili ndizo zilizobaki. Alifungua moja, akamimina taratibu ili mashapo yabaki chini, akainua glasi puani. Akakaa nayo. Akazungusha, akanusa tena, akaonja, akaweka glasi mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Imekufa," akasema.

Nilimwambia anipe nionje, lakini alikuwa ameshasimama. Aliandika neno hilo moja kwenye daftari. Kisha akashuka ghalani, akapanda na ile ya mwisho kabisa, yenye kikaratasi cha sitini na sita shingoni, akaiweka jikoni kando ya mtungi wa siki. "Kesho naimwaga humo," akasema. "Sina tena cha kumpa." Akatoka kwenda shambani bila kofia, na mtu huyu kwenda nje bila kofia sikuwahi kumwona.

Nilichukua glasi yake. Ilikuwa hai. Plamu, tumbaku, ngozi, ule ubaridi wa mwisho, vyote mahali pake, na laini kuliko mwaka uliopita. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaikumbuka kahawa, mwoka mikate, kitunguu saumu, na leso yenye damu pale ngazini. Divai haikuwa na shida yoyote. Pua ya Firmin ndiyo iliyokufa, naye hakujua, au hakutaka kujua, na alikuwa anakwenda kumwaga kitu pekee alichomtunzia mtoto wake.

Ulimi wangu haumwogopi mtu, muulize yeyote kijijini. Siku ile ulinigomea. Ningemwambia nini? Kwamba kazi aliyoifanya tangu ana miaka kumi na minne imemwacha, na mashahidi ni supu na mkate? Nilifanya jambo la kitoto zaidi. Nilichukua kwenye rafu chupa ya divai yake ya miaka mitatu, yenye nta ile ile, nikaipaka vumbi, nikaifunga kikaratasi cha sitini na sita, nikaiweka kando ya mtungi. Ile ya kweli nikaenda nayo kwangu ndani ya aproni. Kesho yake mchana alizibua mbele yangu, akanusa kwa mazoea, akaimwaga. Divai ya miaka mitatu, ambayo mtu mwenye pua angeijua kabla kizibo hakijatoka.

Nililibeba daftari kwangu ndani ya sufuria tupu, na usiku ule ule nikalinakili zima, mistari yote ya miaka ishirini na mitatu, ile ya "Njoo" pamoja na ule wa "Imekufa". Nikaongeza habari ya kuanguka na habari ya chupa. Asubuhi nikalirudisha rafuni, nikapeleka barua posta, mimi ambaye sikuwahi kugusa siri ya mtu, na nikahesabu sarafu za stempu mara tatu mpaka msichana wa dirishani akaniuliza kama naumwa.

Maylis alikuja Jumapili ya pili ya Desemba, mchana. Miaka arobaini na sita, nywele fupi zenye mvi pembeni, na katika mipasuko ya vidole vyake weusi ule ule wa zabibu za kwetu usiotoka kwa sabuni. Hakuingia kwangu. Aliniomba nichukue chupa na glasi tatu, akavuka barabara moja kwa moja mpaka nyumba ya mapipa. Mlango ulikuwa wazi. Firmin alikuwa anapangusa pipa kwa kitambaa. Maylis akasimama nje, viatu vyake kwenye kizingiti hasa.

Firmin aliinua uso. "Umekuja kumzika nani?"

"Sijui bado, Baba. Nimeandikiwa kwamba kuna kitu kimekufa."

Firmin akanigeukia. "Shemeji, umeandika."

"Nimeandika," nikasema, nikatoa chupa kwenye kapu.

"Hiyo nimeshaimwaga."

"Ulimwaga divai yako ya miaka mitatu. Nilibadilisha. Uliinusa, shemeji, nilikuwa nakuangalia. Hukujua."

Nilitamani kuyarudisha maneno hayo mdomoni mara tu yalipotoka. Firmin aliendelea kupangusa pipa, mahali pale pale, palipokuwa pakavu tayari. Nilidhani atatufukuza wote wawili, na alikuwa na haki. Badala yake akamwambia binti yake, bila kumtazama, "Haya, wewe uliyesoma. Mapipa manne haya. Niambie yana nini."

"Krismasi bado, Baba."

"Najua Krismasi ni lini. Ingia."

Maylis alifuta viatu vyake kwenye mkeka, kimoja kimoja, kama anaingia kanisani, akaingia. Mimi nilibaki mlangoni, mazoea hayaniachi. Alivuta divai kwa bomba la kioo, akanusa, akaonja, akatema. Pipa la kwanza akasema ni zuri. La pili akasema ni zuri sana, litakuwa gumu miaka kumi na mitano. La tatu alilinusa mara moja tu, akashusha glasi.

"Hili limegeuka siki."

"Kidogo?"

"Lote, Baba."

Kwa hiyo alikuwa amekaa na siki mle ndani majuma mazima, akiipangusa kila siku. Firmin alikaa juu ya kigogo cha kuwekea ndoo. Alizeeka mbele ya macho yetu.

"Hakuna mwanamke aliyeingia humu mwaka huu," akasema polepole.

Sote watatu tulikuwa tumerudi kwenye meza ile ya Krismasi.

"Na mwaka ule si wewe. Nilisahau kulijaza pipa hadi juu, hewa ikaingia. Nilijua."

"Ulijua lini?" Maylis akauliza.

"Siku ile ile. Kabla hatujakaa mezani."

Maylis aligeuka akatazama mlango, na mimi niliyekuwa mlangoni niliuona uso wake. Miaka ishirini na minne ilikuwa usoni pale. Nilisogea pembeni ili apite, kwa sababu ningekuwa mimi, ningepita. Hakupita. Kisha akaninyooshea mkono. "Mama mdogo, nipe hiyo chupa."

Alivunja nta kwa kisu cha baba yake, akaingiza kizibuo bila haraka. Kizibo kilitoka kizima, cheusi upande wa chini. Akamimina glasi tatu mpaka mashapo yalipokaribia shingoni, akaacha. Firmin hakugusa ya kwake.

"Imekufa," akasema tena, lakini safari hii alikuwa anauliza.

Maylis aliweka pua ndani ya glasi, akafumba macho. "Plamu kavu," akasema. "Si za dukani, ni zile Mama alizokuwa anazikaushia juu ya tanuri, zinazoungua kidogo pembeni. Halafu tumbaku ya babu, kabla hajaiwasha. Ngozi." Akaonja, akasubiri. "Mdomoni inaingia kimya. Unadhani haina kitu, halafu inafunguka, na haimaliziki. Ukali bado upo, Baba, lakini umekaa nyuma, hausukumi mtu."

Firmin alikuwa anatazama sakafu. Hayo yote alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, na alijua nani aliyeyanakili. Mtu yeyote angeweza kuyasoma na kuyarudia.

Maylis akaonja mara ya pili. "Na mwishoni," akasema, akafumbua macho. "Mwishoni kuna nanaa. Ile ya mtaroni."

Firmin aliinua kichwa. Neno hilo halikuwepo kwenye daftari. Miaka yote aliandika "kile kitu mwishoni", na hata mimi niliyekunywa naye sikuwahi kukijua mpaka nilipokisikia kikitajwa. Alichukua glasi yake kwa mikono miwili, akainusa, kwa nguvu, mara tatu. Niliona kwamba hapati kitu. Alilia, wala hakujificha.

"Basi ni mimi," akasema. "Yenyewe ni nzima."

"Ni nzima, Baba."

"Sema tena. Anza mwanzo. Polepole."

Akaanza tena, plamu za mama yake, tumbaku ya babu, ngozi, na Firmin akawa anakunywa kidogo kidogo kumfuata, akimeza pale binti yake aliposema meza. Alipofika kwenye nanaa alimwambia arudie hapo peke yake. Tulikunywa mpaka mashapo, watatu, tumesimama kwenye baridi ile. Ilikuwa divai ya harusi na hapakuwa na harusi, na ninaapa sijakunywa nyingine kama ile.

Maylis alikaa siku kumi, akalala katika chumba chake cha zamani. Hawakusemezana sana, maana hawajui. Siku ya kuondoka Firmin alimbebea sanduku mpaka kwenye gari, akafunga mlango wa gari, akaufungua tena.

"Oktoba kwenu kuna kazi gani?" akamuuliza. Oktoba huku ndiyo mavuno.

"Kule ni mwanzo wa joto, mizabibu inachipua tu. Inaweza kukaa na watu wengine wiki tano."

Firmin akatikisa kichwa kukubali. "Ile ngazi ya ghala inateleza," akasema. "Nitaitengeneza."

Ngazi aliitengeneza Januari. Mwezi wa nne, siku moja mchana, nilivuka na sufuria nikakuta nyumba tupu. Nikamtafuta mpaka kule chini. Alikuwa amepiga magoti mtaroni, matope mpaka viwikoni, na pembeni yake ndoo yenye mizizi. Nilitambua ni nanaa ya kisimani kwangu, ameing'oa bila kuniomba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkaripia, lakini akaninyooshea jani.

"Shemeji, nusa. Ndiyo yenyewe?"

Nililiponda kwa vidole, nikanusa. Nikamwambia ndiyo yenyewe.

"Kufikia Oktoba itafika magotini?"

"Haifiki. Labda kifundoni."

"Kifundoni si mbaya," akasema, akafukia mzizi mwingine, akaushindilia kwa ngumi. Kisha akachuma jani lake mwenyewe, akaliponda, akaliweka puani. Alikaa nalo muda mrefu, macho yameelekea barabarani.

"Unasikia kitu?" nikamuuliza.

"Sisikii," akasema. "Yeye atasikia."